Rangi ya ukuta ichague mwisho

Mkuu, nimesoma maelezo yako vizuri: nyumba iko Kigamboni, pwani ya Dar es Salaam, sakafu ni marumaru za krimu, ukuta wa nyuma ya kochi unabanduka rangi kila baada ya masika, na sasa unataka sebule ya kijivu, mapazia mapya na kochi livalishwe ngozi bandia. Umeuliza ununue rangi gani. Usinunue bado. Rangi ndicho kitu pekee hapo ambacho dukani watakuchanganyia mpaka ifanane na unachotaka. Kitambaa unachukua kilichopo kwenye jora, na marumaru zimeshalala chini. Kwa hiyo rangi ndiyo ifuate kitambaa.

Lakini hata kitambaa kisubiri, kwanza ukuta. Chukua nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike pale panapobanduka kwa selotepu pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakikaa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakikaa upande wa nailoni unaotazama chumba, tatizo ni hewa ya chumba na madirisha yasiyofunguliwa. Ukiona na unga mweupe kama chumvi, basi ni chumvi kweli: maji yameibeba kutoka kwenye msingi au tofali, yakakauka, yakaiacha hapo. Hakuna rangi itakayoshika juu yake.

Toka nje uangalie upande wa pili wa ukuta huohuo. Mara nyingi utakuta bustani au kifusi kimerundikwa mpaka kimepita DPC, ule mkanda wa kuzuia unyevu uliolazwa juu ya msingi. Ardhi inatakiwa iwe chini ya mkanda huo kwa sentimita 15 au zaidi. Angalia pia gata inayovuja. Ukishaziba chanzo, bomoa lipu ya zamani mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, upige mpya ya saruji 1 kwa mchanga 4 yenye dawa ya kuzuia maji. Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu hata hewani.

Halafu subiri wiki 4. Najua fundi atakwambia wiki moja inatosha, na atataka apake rangi ya mafuta ili "izuie maji". Usikubali. Saruji mbichi ina ukali unaoyageuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, na maji yaliyobaki ndani yakikosa pa kutokea huisukuma rangi mpaka ikafanya malengelenge. Paka praima (rangi ya kutangulia) inayohimili saruji, kisha rangi ya maji. Skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta huo, iwe ya saruji nyeupe, maana ya jipsamu ikilowa hulainika.

Sasa kijivu. Chukua karatasi nyeupe kabisa uiweke juu ya marumaru mchana, dirisha likiwa wazi. Ile krimu uliyoizoea utaona inavuta upande mmoja: njano au waridi. Ikivuta waridi, kijivu chenye ubluu juu yake kinaweza kuonekana zambarau, na utamlaumu muuza rangi bure. Chagua kijivu chenye rangi ya udongo kidogo ndani yake. Kijaribu kwenye karatasi ngumu kubwa, mikono miwili ya rangi, ukiacha ukingo mweupe pembeni. Kuijaribu juu ya rangi ya zamani kunadanganya macho. Isimamishe karibu na sakafu ukiwa na kipande cha pazia mkononi, uitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Usiku ndio muhimu. Balbu nyingi zinazouzwa ni za 6500K (kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga mweupe wenye ubluu, na chini yake krimu hufifia ikawa kama majivu. Sebuleni weka za 3000K, zenye mwanga wa kuvuta njano, kwanza, ndipo uamue rangi.

Kiasi cha rangi usikadirie kwa ndoo. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8, kina mzunguko wa mita 15, yaani mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 38. Mikono miwili ni 76, na lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba kwenye ukuta laini. Lita 8 zinatosha, makopo mawili ya lita 4. Yamimine yote kwenye ndoo moja uyakoroge kabla ya kuanza, maana makopo mawili ya namba ileile yanaweza kutofautiana kidogo na tofauti ikatokea katikati ya ukuta. Maji usizidishe asilimia 10, na hayo ni kwa mkono wa kwanza tu. Rangi iliyozidishwa maji utaijua baada ya miezi michache: ukipitisha kiganja, kinatoka na vumbi.

Mapazia: dirisha lako la mita 1.5, bomba la pazia lizidi sentimita 20 kila upande, inakuwa 1.9. Zidisha kwa 2 ili pazia lijikunje vizuri, 3.8. Kitambaa cha upana wa sentimita 280 ukikilaza, upana ukawa ndio kimo, nunua mita 4 pamoja na pindo za pembeni. Cha upana wa sentimita 150 kinahitaji vipande 3, na kwa kimo cha mita 2.5 na pindo za sentimita 30, ni mita 8.4. Kikiwa na maua yanayojirudia kila sentimita 64, kila kipande kinapanda hadi mita 3.2 ili maua yakutane, jumla 9.6. Hapa ndipo watu hurudi dukani wakakuta jora limeisha. Pamba ifue kabla ya kukata, inaruka, yaani inapungua urefu ikifuliwa. Dirisha la magharibi liwekee bitana, jua la alasiri hula rangi ya kitambaa haraka sana.

Ngozi bandia kwa Kigamboni sikushauri hata kidogo. Nyingi zina tabaka la polyurethane, aina ya plastiki, na joto pamoja na unyevu huivunjavunja mpaka ikabanduka magamba kwenye sehemu za mikono na kichwa. Chukua kitambaa kilichofumwa kwa kubana, mchanganyiko wa poliesta, kilichopimwa Martindale (kipimo cha kitambaa kuvumilia kusuguliwa) misuguano 25,000 au zaidi, na foronya ziwe na zipu ili zifuliwe.

Bomba za pazia na vitasa nenda navyo dukani ukiwa na sumaku. Ikinasa, karibu kila mara ni chuma kilichopakwa tabaka la kung'aa, na hewa ya bahari itakitoboa. Isiponasa, pima uzito: shaba ni nzito mkononi, aloi ya zinki ni nyepesi kuliko shaba. Na skrubu zilizomo ndani ya boksi usizitumie, nunua za stenlesi kando. Skrubu moja ikishika kutu, mchirizi wake wa kahawia unateremka kwenye ukuta uliokwisha kuupaka, na ukiufuta hautoki.