Maswali ya Wasomaji: Tiba mpya za vidonda vya mguu wa kisukari zinavyojaribiwa

SWALI: Mama yetu ana kidonda kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, sasa ni mwezi wa nne hakijapona. Ameombwa aingie kwenye jaribio la ngozi iliyokuzwa maabara, lakini wiki mbili za kwanza atafungwa bandeji za kawaida na plasta ngumu tu. Si kumpotezea muda?

JIBU: Hapana, na huenda wiki hizo ndizo zikamfaa kuliko zote. Kidonda cha unyayo mara nyingi hakifungi kwa sababu kinakanyagwa. Neva za mguu zimekufa ganzi, mama hasikii maumivu, na kila hatua inasaga nyama changa iliyoota usiku. Plasta inayoshika kuanzia mguuni hadi chini ya goti hutawanya uzito, tena mgonjwa hawezi kuivua. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, vidonda karibu 9 kati ya 10 vilifunga ndani ya wiki 12 kwa plasta hiyo; kwa buti la kuvulika, asilimia 65. Mwaka 2003 ilionekana sababu mojawapo: waliopewa buti la kuvulika walilivaa katika asilimia 28 tu ya hatua zao za siku. Nyumbani walilivua.

Ndani ya wiki hizo mbili sugu itakatwa, nyama iliyokufa itaondolewa, na kidonda kitapimwa tena. Kikipungua sana (majaribio mengi huweka kikomo kati ya asilimia 20 na 50) mama hataingizwa, na hiyo ni habari njema: kinapona chenyewe. Vidonda vya namna hiyo vikiachwa viingie, vitapona katika makundi yote mawili, la ngozi ya maabara na la huduma ya kawaida, na hakuna atakayejua ngozi ya maabara imefanya nini.

Jambo moja msilifanyie mzaha. Plasta haifungwi juu ya mguu wenye maambukizi au usiopata damu ya kutosha. Akipata homa, plasta ikitoa harufu mbaya, ikilowa majimaji au ikibana, arudishwe siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Tangazo la dawa linasema vidonda “vilipungua kwa asilimia 80”. Huko si kupona?

JIBU: Siyo. Kidonda kilichobaki na tundu dogo bado ni mlango wa vijidudu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, inataka ngozi iwe imefunga kabisa, haitoi majimaji, haihitaji bandeji, na hali hiyo ithibitishwe katika mahudhurio mawili yaliyopishana wiki mbili. Baada ya hapo mgonjwa hufuatiliwa miezi mitatu zaidi. Tunaunga mkono ukali huo, kwani ngozi mpya ya unyayo hupasuka kirahisi mgonjwa anaporudi kutembea.

Swali la pili la kuuliza: kundi lililopata huduma ya kawaida lilipona kwa kiasi gani? Jeli ya becaplermin, dawa ya kupaka kwenye kidonda iliyoidhinishwa mwaka 1997, ilifunga asilimia 50 ya vidonda ndani ya wiki 20. Jeli tupu isiyo na dawa ilifunga asilimia 35. Kwa hiyo faida ya dawa yenyewe ni watu 15 katika kila 100. Ni faida ya kweli, ila anayesikia “nusu walipona” peke yake ataipa dawa sifa ya kazi iliyofanywa na wembe wa kukatia nyama iliyokufa na kiatu cha kupunguzia kidonda uzito.

SWALI: Mimi ni muuguzi kwenye jaribio kama hilo. Kidonda kimoja, mimi na mwenzangu tunapata vipimo tofauti. Tunakosea wapi?

JIBU: Anza na wakati wa kupima. Pima baada ya kukata sugu, kamwe si kabla. Sugu ya manjano iliyozunguka kidonda mara nyingi imefunika sehemu iliyochimbika. Ukiikata, kidonda cha sentimita moja kinaweza kugeuka kuwa cha mbili. Mmoja akipima kabla na mwingine baada, daftari litaonyesha kidonda “kimekua” ilhali hakijabadilika.

Halafu rula. Urefu mara upana hukuza eneo, maana kidonda si mstatili. Kidonda cha mviringo wa yai chenye sentimita 3 kwa 2 si sentimita za mraba 6. Zidisha kwa 0.785 upate 4.7. Bora zaidi chora ukingo wake juu ya karatasi ya plastiki angavu yenye tabaka mbili, utupe ile iliyogusa kidonda. Hapo ndipo watu hupishana: utando mwembamba wa waridi unaong’aa pembezoni ni ngozi mpya, kwa hiyo mstari upite upande wake wa ndani, usiuhesabu kuwa kidonda. Kubalianeni hilo kwa kuchora vidonda kadhaa pamoja kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Mguu ulazwe mkao uleule kila mara, na mpimaji awe yuleyule inapowezekana. Kwenye picha, rula ilale usawa wa kidonda na kamera iangalie wima; ikiinama, eneo linapungua.

Aliyebandika ngozi ya maabara anajua nani kapata nini, hivyo asiwe yeye wa kuamua kama kidonda kimefunga. Aamue mwingine asiyejua mgonjwa yuko kundi gani.

SWALI: Baba amekataliwa kwenye jaribio kwa sababu damu haifiki vizuri mguuni, wakati kipimo cha kifundo (presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono) kilisoma 1.4, juu ya kawaida. Imekuwaje?

JIBU: Kisukari cha miaka mingi hujaza chokaa kwenye kuta za mishipa. Mkanda wa presha unashindwa kuibana, namba inapanda, na damu inayofika kidoleni inaweza kuwa kidogo mno. Ndiyo maana hupimwa presha ya kidole gumba. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, nafasi ya kidonda kupona ni ndogo, iwe kwa bandeji au kwa ngozi ya maabara. Ombeni barua ya kumwona daktari wa mishipa haraka. Mshipa uliozibwa ukifunguliwa, baba anaweza kupimwa upya.