Nenda Bondeni, Lakini Usiende Mikono Mitupu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Unasema umekubaliwa kukaa wiki sita kwenye makazi ya wasanii huko bondeni: mwalimu hakuna, ratiba hakuna, na siku ya kuondoka hakuna atakayekudai hata picha moja. Kisha unaniuliza, "Mama, kama hakuna wa kunielekeza, si nitakuwa nimelipa hela nikapoteze muda?"

Nenda. Ila usiende mikono mitupu.

Sisemi rangi na brashi, hizo najua utabeba. Nasema kazi. Chukua ile picha uliyoiachia njiani, au hata tatizo moja linalokusumbua siku zote, kama vile vivuli vyako vinavyogeuka tope. Anayefika huko bila cha kushika huanza kuusaka msukumo vilimani, na wiki zinakatika. Mwenye kazi aliyokwisha kuianza huamka akijua aanzie wapi. Na akiamua kuitupa akashika nyingine, hewala, maana huko mpango ni wako na kuuvunja ni juu yako.

Siku za kwanza utalala kupita kiasi. Usijilaumu, ni uchovu unaokutoka.

Mambo haya hayakuanza jana. Kule New Hampshire, Marekani, makazi ya wasanii yaitwayo MacDowell yanapokea watu tangu 1907. Kila mmoja ana studio yake msituni, na chakula cha mchana huletwa kwenye kikapu, kikawekwa mlangoni, bila mtu kumkatiza aliye ndani. Kikapu hicho nakipenda kuliko hotuba zote za sanaa. Aliyekibuni alijua kwamba wazo likikatizwa katikati halirudi lilivyokuwa. Wewe hutakuwa na kikapu, utajipikia. Basi pika jioni chakula cha kesho, ili mchana usiwe wa sufuria. Na wenzako mkutane jioni. Mchana mlango uliofungwa usigongwe, uwe wako au wao.

Sasa bonde lenyewe. Jua huchelewa kulifikia, na jioni vilima huliziba mapema, kwa hiyo saa za mwanga mzuri ni chache kuliko ulivyozoea. Zijue siku mbili tatu za mwanzo, halafu kazi ya rangi uiweke humo, michoro ya penseli na usafi wa vyombo vingojee. Usiku hewa ya baridi, kwa uzito wake, huteremka na kutuama chini, ndiyo maana asubuhi utakuta ukungu na kila kitu kibichi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Hukauka mafuta yake yanaposhikana na oksijeni, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Kwa hiyo paka nyembamba, uwe na kanvasi tatu za kupokezana, la sivyo utakaa unaitazama moja ikigoma kukauka.

Vitambaa vya kufutia mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, usivirundike pembeni. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na rundo likilifungia ndani linaweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji, ufunike. Studio nyingi za namna hiyo ni za mbao, mwanangu.

Kuhusu kurudi na picha za kuonyesha watu, mimi sitakuuliza. Shangazi zako watauliza, waambie bado zinakauka.

Kabla hujatuma hela, waandikie uwaulize dirisha la studio linatazama wapi, kuna nini cha kupashia joto, simu inashika sehemu gani, na usafiri wa mwisho kutoka barabara kuu ni saa ngapi. Wakikujibu "utaona ukifika", nipigie kwanza.

Mama yako