Kariakoo mgeni ni nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wageni wapigwe marufuku kabisa kufanya biashara Kariakoo. Mimi nauliza kwanza: wageni wepi? Mwingereza alipoingia Dar mwaka 1916 aliweka pale kambi ya wapagazi wake wa vita. Wakaja Wamanyema kutoka Kongo, Waarabu wa Hadhramaut, Wahindi, Wachaga, halafu Wakinga wa Makete. Kila aliyefika alisemwa na aliyemtangulia. Sasa ni zamu ya Mchina.

Lakini nina langu. Mwaka juzi, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, nilikwenda Mtaa wa Aggrey kufunga mzigo wa mabegi. Winga, yule dalali anayewapelekea wenye maduka wateja, akanipandisha ghorofani kwa dada mmoja wa Kichina. Hakuinua kichwa. Akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia: 14,000 kwa begi, katoni nzima tu. "Dada, haipungui." Nikiwa bado napiga hesabu, akaingia mama na mtoto, anataka begi moja. Katoni ikachanwa kwa wembe mbele ya macho yangu, mama akauziwa kwa 15,000. Mtoto akalivaa palepale, nailoni bado inaning'inia kwenye zipu. Mimi nikiweka nauli ya guta la mizigo na kodi ya fremu ya duka, Mbagala siuzi chini ya 18,000. Nani atakuja kwangu? Nilibeba katoni mbili hata hivyo. Ningefunga wapi kwingine?

Nimeanza kuandika nikitaka kusema waacheni, kwani nani asiye mgeni pale? Ule wembe unanikatalia. Mmanyema na Mkinga walianza na meza kama sisi, hawakuwa na kiwanda nyuma yao. Kwa hiyo agizo la Julai 2025, lililowafungia wasio raia biashara 15, naliunga mkono. Nusu nusu. Limegusa rejareja na jumla pia, na hapo kwenye jumla ndipo linaponitia wasiwasi.

Tena leseni niliyoiona ukutani kwa yule dada ilikuwa na jina la Mtanzania mwenzetu. Agizo halikumsahau: raia anayemsaidia mgeni ni faini ya milioni 5 au jela miezi mitatu. Huyo aanziwe kabla ya Mchina yeyote.

Rejareja watoke. Jumla waachwe kwanza, angalau mpaka serikali ituambie mabegi ya Januari tutayafunga kwa nani na kwa bei gani.

Muuza mabegi, Mbagala