Barua kwa Mwanangu: Pikapu Yako na Barafu ya Duluth

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Minneapolis. Ulipopiga simu Jumapili nilikuwa navaa viatu nielekee zamu ya usiku, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Uliuliza kama pikapu uliyonunua huko Duluth, kwa kuwa ina foo wili (ile ya injini kusukuma magurudumu yote manne), inahitaji kweli viroba vya mchanga nyuma kama mafundi wenzako wanavyokwambia. Ukauliza pia kwa nini ilikuzungusha mkia pale kwenye makutano, wakati theluji yenyewe haikufika hata kwenye kifundo cha mguu. Maswali hayo yanatoka kwenye shina moja, nami nimeona afadhali nikuandikie kwa utulivu.

Pikapu imeundwa kwa ajili ya mzigo. Injini, gia na wewe mwenyewe mko mbele, na nyuma ni bodi tupu. Usipoweka foo wili, magurudumu yanayolisukuma gari ni yale ya nyuma, yaani yale yaliyolemewa na uzito mdogo. Kwenye lami kavu kasoro hiyo huioni, lakini kwenye barafu, ukikanyaga mafuta kidogo tu huku umekata kona, magurudumu hayo huanza kuzunguka bure, na gurudumu linalozunguka bure halishiki kwenda mbele wala halishiki upande, kwa hiyo mkia unaondoka. Ndicho kilichokupata. Ulikanyaga ili uwahi kutoka njiani, kama mjomba wako alivyokufundisha kwenye matope ya Lushoto, na kwenye matope angekuwa sahihi kabisa, kwa sababu tope lina chini: tairi likichimba, hatimaye hukuta udongo mgumu. Barafu haina cha kuchimbwa. Kadiri tairi linavyozunguka juu yake, ndivyo linavyoing'arisha.

Foo wili inagawa nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, hivyo utaondoka vizuri na kupanda mlima vizuri. Kusimama ni jambo jingine. Kila gari, hata lile dogo kabisa la jirani, hufunga breki kwenye magurudumu manne, na foo wili haikuongezei hata gurudumu moja la kusimamia. Asubuhi baada ya theluji ya kwanza, nikitoka zamu, magari ninayoyakuta yamelala mtaroni kando ya barabara kuu ya 35 mara nyingi ni hayo makubwa yenye foo wili, na wenyewe wamesimama pembeni wakishangaa. Gari linaondoka kwa wepesi mno kiasi kwamba dereva hapati onyo lolote kuhusu hali ya barabara mpaka anapohitaji kusimama.

Nasema hivyo kwa sababu nami nimeshawahi kusimama pembeni nikishangaa. Ilikuwa mwaka wangu wa pili hapa, alfajiri ya Desemba, nikiwa na pikapu ile kuukuu ya bluu na foo wili nimeiweka. Nilikuwa naingia njia ya kutokea barabara kuu, nayo ilionekana imelowa tu. Ghafla mvumo wa matairi ukakatika, kama mtu aliyezima redio. Nikakanyaga breki, kanyagio likaanza kunitetemekea chini ya mguu, nikaogopa nikidhani limevunjika, nikaliachia. Kumbe mtetemo ule ndio mfumo wa breki ukifanya kazi yake ya kuzuia magurudumu yasijifunge. Nilitakiwa kukanyaga kwa nguvu na kubaki hapo hapo, huku nikiendelea kuushika usukani kuelekea ninakotaka. Gari lilizunguka polepole, ajabu polepole, likajiegemeza kwenye tuta la theluji likitazama nilikotoka. Sikuumia, ila chai yote ilimwagika kwenye sare ya kazi.

Tangu siku ile natazama magari yaliyo mbele yangu. Barabara ikiwa inang'aa kama imelowa, lakini matairi ya mwenye kutangulia hayarushi maji, hiyo ni barafu. Usidhani siku ya baridi kali ndiyo mbaya zaidi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu huwa kavu na tairi hushika kidogo, ila karibu na sifuri, yaani 32 kwenye kipimo cha Farenhaiti cha Wamarekani, juu ya barafu kuna utando wa maji, na hakuna utelezi unaoshinda huo. Hata hivyo, chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu hudhoofika sana joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa upepo wa baridi unapita juu na chini yake, kwa hiyo toa mguu kwenye mafuta kabla ya kulifikia, wala usibadilishe lolote ukiwa juu yake.

Mkia ukiondoka tena, achia mafuta taratibu, usiguse breki, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko; gari likianza kunyooka, rudisha usukani mapema, la sivyo litakutupa upande wa pili. Ikiwa ni pua inayokataa kukata kona, usizidishe kuzungusha usukani, bali upunguze kidogo, achia mafuta, na usubiri matairi yashike.

Kwenu Duluth kuna ile mitaa inayoteremka moja kwa moja mpaka Ziwa Superior, na hapo ndipo foo wili inapostahili sifa: weka gia ndogo ukiwa bado juu, na injini italizuia gari kupitia magurudumu yote manne badala ya kuyabana yale mepesi ya nyuma peke yake. Ila lami ikikauka, kama foo wili yako ni ile ya kuweka na kutoa, itoe. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti, na gia zitaumizana. Achana pia na kile kitufe cha kushikilia mwendo, na mwache aliye mbele yako akutangulie kwa sekunde nane hadi kumi.

Sasa mchanga. Ndiyo, uweke, viroba vinne vya kilo 27 vinatosha, juu kabisa ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukivisukuma mpaka kwenye mlango wa nyuma, vitainua pua na usukani utakuwa mwepesi. Vifunge kwa mkanda, maana gari likigonga vitakuja mbele. Usiongeze zaidi ya hapo, kwani uzito huo huo ndio utakaotaka kusimamishwa. Hata hivyo, kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua kwanza matairi ya baridi, yale yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni. Mpira wa matairi ya kawaida hukakamaa baridi inapozidi.

Ukikwama, chota mchanga huo uumwage mbele ya magurudumu, na kabla ya kuwasha injini ili upate joto, chukua koleo ufukue bomba la moshi, kwa sababu moshi ukirudi ndani una gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo hutaisikia harufu.

Ukija sikukuu ya Shukrani, viroba vyangu vya zamani viko gereji nyuma ya mlango. Viwili vilikuwa vimechanika pembeni, nimevishona kwa sindano ya gunia.

Mama yako