Muziki na plastiki ku ziwa wakati wa vakansi: muanze na wenye kuuza pale

Ndugu wa Goma umeuliza mufanye nini na vijana wanaojaa ku ziwa Kivu tangu vakansi ianze, muziki mpaka usiku wa manane, plastiki kila mahali, na mama yako mgonjwa halali. Pole sana. Mimi niko Bukavu, komini ya Ibanda, parsela yetu inaangalia maji, na hii mambo tunaijua kila mwezi wa saba na wa nane, ju kiangazi mvua hakuna, watoto hawasomi, kila mtu anashuka ku maji.

Kosa letu tulikuwa tunaenda usiku. Kijana amekunywa, unamwambia apunguze mbele ya marafiki zake, hata akiwa mtoto wa jirani hawezi kukubali, anaongeza.

Halafu kuna kitu hatukukielewa mapema. Mwenye bafle, yaani spika kubwa za muziki, alikuwa anazigeuza ziangalie ziwa, kwa heshima kabisa, akisema sauti itaishia ku maji. Lakini Bukavu imekaa juu ya peninsula tano kama vidole vya mkono, kati ya kidole na kidole ni maji tu, na usiku hewa ya karibu na maji ikipoa sauti haipandi juu, inateleza mpaka ng'ambo, na ng'ambo njo sisi. Kioo cha dirisha ya chumba cha mama kilikuwa kinalia tzz tzz kila besi ikipiga, ukiweka kidole kinanyamaza, ukitoa kinaanza tena. Nimeshika kile kioo usiku mingi sana.

Tukabadilisha, tukaenda siku ya nne (Alhamisi) asubuhi na shefu wa avenyu na mama mmoja mzee anayeheshimiwa, hatukutafuta vijana, tulitafuta wenye kupata pesa pale, yaani mwenye bafle, wa brosheti, mama wa vinywaji. Vijana leo ni hawa kesho wengine, ila mchoma brosheti yuko pale kila siku na hataki kufukuzwa. Tuliongea karibu saa tatu nzima, mwenye bafle akabisha sana, mwisho akakubali azigeuze ziangalie mlima, besi ishuke kuanzia saa mbili ya usiku, saa nne azime. Usiku wa kwanza tu kioo kilinyamaza.

Plastiki nayo, angalia shupa ya bia, ile haitupwi ju ukipoteza vide, yaani shupa tupu, unalipa. Basi mama wa vinywaji akaanza kuongeza 200 franka ku shupa ya plastiki, ukirudisha anakupa pesa yako. Kuliko hata wanywaji, watoto wa karitie njo wanazitafuta mpaka mu majani. Na hii si ya urembo, maji ya ziwa letu yanatoka kupitia mto Ruzizi, plastiki inaelea mpaka ku baraji ya umeme ya Ruzizi I, inaziba, tunakaa giza.

Choo bado. Walichimba kimoja kikajaa, na mahali wamama wanachota maji si mbali, hiyo inaniuma na bado tunagombana nayo.

Mwaka huu amekuja mwenye bafle mwingine, hakujua mapatano, tukarudi tena siku ya nne asubuhi na mama yule yule. Kwenu pale wanauza nani na nani? Andika hapa tuone wa kuanza naye.