Mofini nyumbani: ipimwe vizuri, itolewe kwa saa

Mgonjwa wa saratani akiruhusiwa kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na kurudi Mbagala au Kimara na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, uuguzi unahamia mikononi mwa mke, binti au shemeji. Hapo ndipo mateso mengi yasiyo ya lazima yanapoanza. Dawa ipo ndani, lakini imefichwa kabatini "mpaka azidiwe kabisa", kwa sababu ndugu wanaogopa atageuka teja, au wanaamini mofini ni dawa ya kummalizia mtu. Hofu hiyo inaeleweka; mtaani kila mtu ameona unga ulivyoharibu vijana. Lakini anayekunywa dozi aliyopangiwa kwa ajili ya maumivu hatafuti stimu. Anatafuta usingizi, na nafuu ya kukaa kitako anywe uji.

Tiba shufaa ya leo, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, ilijengwa juu ya jambo moja ambalo Cicely Saunders, daktari aliyefungua St Christopher's Hospice, kituo cha wagonjwa walio karibu na mwisho, mjini London mwaka 1967, alilishikilia sana: dawa itangulie maumivu, isiyafuate. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maumivu ya saratani wenye msimamo huohuo, dawa itolewe kwa mdomo na kwa saa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma hiyo Uganda kwa mofini ya poda inayochanganywa na maji, na gharama ikawa ndogo.

Kwa saa maana yake ni hii. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa nne tu. Kwa hiyo hutolewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 8 usiku, madaktari wengi huiunganisha na ya saa 4 usiku ili mgonjwa alale, ila mpaka daktari mwenyewe aseme. Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 2.5 hadi 5, na mzee au mwenye figo dhaifu huanzia chini. Maumivu yakichomoza katikati, mpe dozi ya ziada aliyoandikiwa, uiandike kwenye daftari pamoja na saa, kisha ile ya kawaida itolewe kwa wakati wake. Daftari hilo ndilo daktari analotumia kupandisha dozi.

Kosa la hatari zaidi ni kuchanganya miligramu na mililita. Chupa yenye miligramu 5 katika kila mililita 5 inaweza kufanana na yenye miligramu 50 katika mililita hizohizo. Kijiko kilekile, dozi mara kumi. Soma lebo kila unapoletewa chupa mpya, na upime kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Mgonjwa akiwa haamshiki na anapumua pole pole mno, usimpe nyingine. Piga simu hospitali hapohapo. Kusinzia kwa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida.

Kukosa choo kunakoletwa na mofini hakuishi kama kusinzia. Dawa ya kusaidia choo kitoke, kama bisakodili, ianze siku ileile mofini inapoanza, na siku tatu bila choo ni za kutoa taarifa. Angalia pia hili: choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni yake. Ndugu hudhani anaharisha, humpa dawa ya kufunga choo, na tumbo linazidi kujaa.

Kidonda kinachonuka, hasa cha titi, kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, kisha kinyunyiziwe vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa. Spiriti inaunguza tu.

Siku za mwisho mgonjwa huacha kula, na ndugu hudai atundikiwe dripu. Mara nyingi maji hayo hujaa miguuni na kifuani, akaanza kukoroma. Uji wa kulazimisha nao huingia mapafuni. Lowanisha mdomo wake kwa kitambaa safi, paka mafuta midomoni, mgeuze kila baada ya saa mbili.

Jambo linalotakiwa kubadilika ni safari. Mtu wa Kigamboni kupanda pantoni na daladala kwa ajili ya chupa moja, huku mgonjwa amebaki peke yake, si huduma ya kujivunia. Udhibiti wa mofini ni wa lazima, lakini Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika tangu 2004, na dawa ikasogea karibu na watu. Dar es Salaam inahitaji hilo katika kila wilaya.

Kwa sasa, kabla hamjatoka hospitali ombeni namba ya timu ya tiba shufaa, na mpige hesabu chupa itaisha lini. Fuateni nyingine zikiwa zimebaki siku tano, maana mofini ikikatika ghafla mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, na maumivu hurudi yote kwa pamoja.