Malengelenge yapo, majibu yanasema hakuna kirusi

Umeuliza kwa nini maabara haikupata kirusi cha miguu na midomo ilhali ng'ombe wana vidonda waziwazi. Mara nyingi kosa liko kwenye chupa. Kirusi hiki hakivumilii asidi: pH ikishuka chini ya 6.5 kinaanza kufa, na sampuli isiyo na bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ikipata joto njiani, kirusi chake hakitaota maabara. Formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, ndiyo mbaya zaidi, inakiua kabisa.

Chukua ngozi ya lengelenge ambalo halijapasuka, au lililopasuka punde, angalau gramu 1. Itie kwenye gliserini na bafa ya fosfeti nusu kwa nusu, pH 7.2 hadi 7.6, kisha kwenye barafu. Vidonda vikishaanza kupona usihangaike na ngozi; daktari wa mifugo achukue ute wa kooni kwa probangi, kikombe kidogo chenye mpini mrefu kinachoingizwa kooni.

Chupa zenye gliserini na bafa zinatakiwa ziwepo wilayani kabla ya mlipuko, pH ikipimwa upya kila mara. Tafadhali andika pia tarehe ya chanjo ya mwisho, maana bila hiyo majibu ya kingamwili za damu yanaweza kupotosha.